Kiasi cha Nuru

"Hiyo imeshakufa, mwanangu. Kaitupe chooni," mama aliniambia, akanikabidhi tochi ya kuchaji aliyoinunua mnadani mwaka jana. Hakuisikitikia. Kwake tochi huishi miezi sita, hufa, hununuliwa nyingine. Nikaiweka mezani, nikatafuta bisibisi.

Ndani ya tochi za aina hii mna vitu vichache: betri nzito ya volti 4, yenye sahani za risasi na tindikali, kibao chenye kapasita na dayodi za kuchajia, swichi, nyaya nyembamba, na usoni vitaa 12 vya LED. Betri ilikuwa imekufa kweli. Betri ya risasi ikiachwa tupu kwa muda mrefu, sahani zake huota chumvi nyeupe, na chumvi hiyo ikikomaa betri haishiki chaji tena. Hilo nililitarajia. Kilichonishangaza ni vitaa. Nilipoviwasha kwa betri nyingine, vitatu vilikuwa vimefifia, vimegeuka buluu.

LED nyeupe, kwa hakika, si nyeupe. Ndani yake mna chembe inayotoa mwanga wa buluu, ile iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Juu ya chembe hupakwa unga wa manjano. Sehemu ya buluu hupenya, sehemu nyingine unga huigeuza kuwa manjano, na jicho likizipokea kwa pamoja husema limeona weupe. Unga ukiharibika, buluu hubaki yenyewe. Kinachouharibu ni joto.

Nikaunga mita ili nijue joto hilo lilitoka wapi. Kitaa kidogo cha namna hii hutengenezwa kitumie miliampea 20 hivi, kwa hiyo vitaa 12 vilistahili 240. Mita ilisoma zaidi ya 500. Nikafuata waya kwa kidole: umetoka kwenye betri, umepita swichi, umeingia kwenye vitaa, basi. Hapakuwa na rezista. Kijidude cha ukubwa wa punje ya muhindi, ambacho kazi yake ni kuupunguza mkondo wa umeme, hakikuwekwa.

Nilikaa na swali moja muda mrefu kuliko nilivyokaa na kazi yenyewe. Kwa nini mtu aache kitu cha bei ya peremende, nacho ndicho kingeipa tochi umri? Jibu, naamini, liko pale mnadani. Muuzaji huwasha tochi mbili, tatu, huzielekeza kwenye turubai, na mteja huchagua inayong'aa kupita wenzake. Tochi isiyo na rezista hushinda hapo. Imetengenezwa kwa ajili ya zile sekunde chache za kuchaguliwa. Usiku wa kwenda bandani kumtazama mbuzi anayezaa haukuingia katika hesabu. Simwachii mtengenezaji lawama yote. Sisi ndio tuliokubali kuipima nuru mchana.

Babu yangu alikuwa na kurunzi ya bati ya betri mbili kubwa. Betri zikichoka alizianika juani, zikapata uhai kidogo wa kumfikisha jioni mbili tatu zaidi (betri za lithiamu za leo usizifanyie hivyo hata siku moja). Njiani aliwasha, akaiona njia, akazima. Akatembea hatua kumi gizani kwa kile alichokiona, kisha akawasha tena. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ubahili. Sasa naona kwamba rezista ya kurunzi ile ilikuwa kidole gumba cha babu.

Kiswahili kina neno kiasi. Ukiuliza "kiasi gani?" unataka hesabu. Ukisema fulani ni mtu wa kiasi, unausifu mwenendo wake. Neno ni lile lile, na sidhani kwamba limefika huko kwa bahati. Mimi nilikwenda mezani nikiwa na nia ya kuiboresha tochi, na kichwani mwangu kuboresha kulimaanisha kuzidisha: vitaa vikubwa, mwanga wa kufika ng'ambo ya bonde. Mita ilinionyesha kwamba tochi ile iliuawa na ziada. Kilichopungua ndani yake kilikuwa kipimo.

Basi nikafanya hivi. Nilibadilisha vile vitaa vitatu. Niliweka betri moja ya lithiamu iliyotoka kwenye kompyuta mpakato ya zamani, aina ya 18650, yaani milimita 18 kwa 65. Kibao cha kuchajia nilikiondoa chote, kwa kuwa kilichukua umeme wa ukutani kwa kupitia kapasita tu. Ukigusa chuma cha ndani wakati tochi iko kwenye chaji, umegusa umeme wa nyumba. Mahali pake nikaweka kibao cha TP4056, kinachosimamisha chaji betri ikifika volti 4.2. Vitaa vinahitaji volti 3.2 hivi. Inabaki volti moja ya kuzuia. Igawe kwa ampea 0.24, unapata omu 4 na kidogo. Nilikuwa na rezista ya 4.7, ya nusu wati. Nikaichomelea.

Mama aliiwasha kibarazani usiku ule. Mkondo ulikuwa chini ya nusu ya ule wa mwanzo. "Mbona ni ile ile?" akauliza. Jicho halihesabu kama mita: mwanga ukipungua nusu, lenyewe huona umepungua kidogo tu. Zile miliampea 300 zilizozidi zilikuwa zinachoma vitaa, na mama hakuwahi kuziona.

Sasa anaichaji mara moja kwa juma. Betri ya zamani sikuitupa chooni. Ina risasi na tindikali, na kisima chetu hakiko mbali na choo. Niliifunga vizuri, nikaipeleka kwa wanaonunua betri chakavu. Nawe, kabla ya kuitupa tochi yako, ichomoe kwenye umeme, uifungue, ufuate waya kwa kidole.