Mtini Katika Nyumba ya Kupanga

Muulize mtu wa Eastlands, Nairobi, kwa nini hapandi mti, na jibu litakufikia kabla hujamaliza swali: hapa si kwetu. Kwetu ni Siaya, ni Machakos, ni Murang'a, ni Vihiga, mahali alipozikwa babu. Huko ndiko anakopeleka mche wa parachichi kila Desemba, akiwa ameubana katikati ya magoti ndani ya matatu. Nairobi ni ya kulipa kodi, kulala na kuamkia kazi. Nimelisikia jibu hilo Kayole na Umoja, na halikunishangaza. Lakini nimelisikia pia Kaloleni na Maringo, kutoka kwa watu waliozaliwa katika nyumba zile zile za jiji walimozaliwa baba zao. Vizazi vitatu vimelipa kodi ya mlango mmoja, na bado wanasema si kwetu.

Siwalaumu. Ardhi ya mtaani ina tabia ya kumponyoka anayeipenda. Buruburu ilipoanza kujengwa katika miaka ya 1970, nyumba zilikuwa na viwanja vidogo mbele na nyuma. Leo sehemu kubwa ya viwanja hivyo imemezwa na vyumba vya kukodisha na maduka. Umoja imesimamisha maghorofa mahali palipokuwa na nyumba za chini. Mitaa ya zamani ya jiji nayo imo katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya, na wakazi wake wanaishi wakingoja notisi. Katika hali hiyo, nani apande mwembe?

Mimi nasema apande mtini.

Simaanishi mugumo, ule mkubwa wa heshima, ambao nitaufikia. Namaanisha ndugu yake mdogo anayezaa tini za kula, ambazo wengi wetu tunazijua kwa kuzisoma katika Biblia au kuzisikia katika Kurani, kwenye sura inayoanza kwa kuapiwa tini na zeituni, wala hatujawahi kuliona tunda lenyewe likining'inia. Wangu uko mtaa wa Jericho, nje ya mlango wa nyumba ninayopanga, ndani ya pipa lililokatwa nusu.

Mti huu unajua kuishi na kidogo. Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha huvimba na kung'ang'ania kiatu, na kiangazi kikija hupasuka nyufa za kuingiza vidole. Maji hutuama humo na kuozesha mizizi ya miche mingi. Mtini pia haupendi maji yaliyotuama, lakini una subira ambayo miti mingi ya matunda haina: haudhuriki ukibanwa mizizi. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini inautosha kwa miaka ya mwanzo. Unatia udongo mwekundu wanaouza kwenye vitalu vya kando ya barabara, mchanga kidogo, na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Mizizi ikibanwa, mti huacha kurefuka ovyo na kuanza kuzaa. Ukiushindilia mbolea kupita kiasi, utakupa majani mapana ya kupendeza na hutaona tunda. Maji unakunywa yale ya kusuuzia nguo mara ya mwisho, na wiki ambayo mfereji haukutoa tone unavumilia pamoja na wenye nyumba.

Baridi nayo? Wanaotujua kwa picha za pwani hudhani Kenya yote ni joto, lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi wa Julai watu wa Eastlands huamkia kazini wakitoa moshi mdomoni. Kwa mtini hilo ni jambo dogo. Asili yake ni Asia Magharibi na nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, na ukiwa umelala bila majani unastahimili hata baridi ya kugandisha maji. Kasri la Lambeth jijini London lina mtini ambao husimuliwa kwamba uliletwa na Kadinali Reginald Pole katika karne ya 16, na umepita katika theluji za huko miaka yote hiyo. Kinachotakiwa ni jua na ukuta. Hapa kwetu, kusini kidogo mwa ikweta, jua la Juni na Julai huegemea kaskazini. Kwa hiyo pipa huwekwa kwenye ukuta unaotazama kaskazini, ule wa mawe ya kuchonga unaonyonya joto mchana na kulirudisha usiku. Wanaoishi maghorofani wana paa, mahali pa kamba za nguo, ambapo jua ni la bure kuanzia asubuhi hadi jioni.

Katika baridi hiyo mti hupukutisha majani na kubaki matawi ya kijivu, na hapo ndipo majirani huja na rambirambi. "Mti wako umekufa, mzee." Kuna jambo la kufanya kabla ya kukubali. Kwangua gome la kijitawi kwa ukucha, kidogo tu. Chini ya ule ukijivu unakuta kijani kibichi, chenye unyevu, na tone la utomvu mweupe linachomoza. Bado uko hai. Utomvu huo usiuache kwenye ngozi, hasa juani, kwa maana huwasha na hata kuunguza, watoto waonywe. Tini zenyewe pia zina dalili zake. Haziivishwi ndani ya gunia kama ndizi, kwani tini ikichumwa mbichi hubaki hivyo hivyo. Ngoja shingo yake ilegee na tunda liiname, ngozi ianze kupasuka mistari myembamba, na kwenye kile kijishimo cha chini paonekane tone zito kama asali. Siku hiyo hiyo ichume, kwa sababu ndege wameshaiona.

Lakini kinachoufanya mti huu utufae sisi wapangaji zaidi ya yote ni namna unavyozaliwa. Mugumo na mkuyu hutegemea nyigu wadogo sana wanaoingia ndani ya matunda yao na kuyachavusha, na karibu kila aina ina nyigu wa kwake. Aina nyingi za mtini wa bustani hazihitaji nyigu. Hujizalia matunda zenyewe, ila mbegu zilizomo ni tupu, haziwezi kuota. Mti kama huo haupandwi na ndege wala upepo. Unaendelea kuwapo duniani kwa njia moja: mtu akate kijiti na kumpa mwenzake.

Huenda jambo hili ni la kale kuliko ngano. Mwaka 2006, Mordechai Kislev, Anat Hartmann na Ofer Bar-Yosef walichapisha katika jarida la Science habari za tini tisa zilizoungua, zilizofukuliwa Gilgal, kijiji cha kale katika Bonde la Jordan karibu na Jericho, ile Jericho ambayo mtaa wetu ulichukua jina lake. Umri wake ni miaka ipatayo 11,400. Kwa kuwa zilikuwa za aina isiyo na mbegu za kuota, walihitimisha kwamba watu wa Gilgal walikuwa wakikata vijiti na kuvipanda, kiasi cha miaka elfu moja kabla ya nafaka kuwa mazao ya shambani. Wataalamu wengine wamelipinga hitimisho hilo. Mimi hunigusa hata hivyo kufikiri kwamba huenda kilimo chenyewe kilianza kwa mtu kumnyoshea jirani yake fimbo fupi.

Kijiti changu nilipewa na mama mmoja wa Jerusalem, mtaa wa jirani. Yeye alikitoa Lavington, kwa watu aliowafanyia kazi ya nyumbani hadi alipostaafu. Alikata tawi la unene wa kalamu ya risasi, urefu wa shibiri na kidogo, akalikata chini ya kifundo, akaliacha kivulini mpaka utomvu ukakauka. Akalichomeka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, vifundo viwili chini ya udongo, akanikabidhi. "Chukua, mwanangu. Huu hauchagui nyumba." Nikamwambia asante, mama, na nikamuuliza mbona hajaupanda wa kwake ardhini. Akanijibu kwamba ameshahama nyumba nne na mtini wake umehama naye zote nne, na kila alikotoka aliacha vijiti.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama upya lile jibu la hapa si kwetu. Mama huyo hana hati ya kipande chochote cha Nairobi, lakini anayo mitini mitaa minne. Tumezoea kudhani kwamba umiliki hutangulia, kisha upendo na kazi vikafuata. Kwamba mtu ataanza kutunza mahali akishapewa karatasi. Injili ya Luka ina mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu mfululizo bila kupata tunda, anaamuru ukatwe. Anayeutetea ni mtunza shamba, mfanyakazi, ambaye mti si wake na matunda yake si yake. Anaomba mwaka mmoja zaidi, aulimie pembeni na kuutia samadi. Mahubiri niliyoyasikia juu ya mfano huo yalikaa upande wa mti, kwamba tuzae au tutakatwa. Mimi siku hizi namwangalia yule mtunzaji. Mwenye mali alikuja kukagua. Aliyeujua mti ni mtunzaji.

Historia ya hapa hapa Eastlands inasema jambo hilo hilo. Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walikwenda kwa maandamano hadi Kamukunji, karibu na Gikomba na Shauri Moyo, wakapanda miti saba kuwakumbuka mashujaa wa jamii mbalimbali za nchi. Ndipo ilipoanzia safari ya Green Belt Movement na, hatimaye, Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Katika ile miti saba, mitano ilikufa. Ilikuwa ya wote, na hakukuwa na mtu wa kuamka asubuhi na kuutafutia maji mmoja wao. Baadaye vuguvugu hilo likawa linawalipa akina mama ujira mdogo kwa kila mche uliopona. Kwa kila uliopona, si kwa kila uliopandwa. Ningependa kanuni hiyo iongoze mpango wa serikali wa miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, ambao ulitupa hata siku ya mapumziko Novemba 13, 2023, tukapanda na kupigwa picha.

Maathai mwenyewe alilelewa karibu na mugumo mmoja huko Nyeri ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake. Anasimulia katika kitabu chake Unbowed kwamba aliporudi akiwa mtu mzima alikuta umekatwa, na kijito kilichokuwa karibu kimekauka. Mugumo ulikuwa na walinzi wengi: wazee, miiko, hofu ya Mungu. Hata Novemba 2020, ule mugumo mkongwe wa Waiyaki Way uliokuwa katika njia ya barabara mpya ya kulipia uliokolewa kwa amri ya rais. Nilifurahi sana. Lakini mti wa ndani ya ndoo nje ya mlango wa mpangaji hautapata amri ya rais. Mlinzi wake ni mpangaji.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wanaochora ramani za mitaa mipya itakayochukua nafasi ya Kaloleni, Jericho na mingineyo. Acheni ukanda wa udongo upande unaopata jua la Julai, msiumwagie saruji wote kwa ajili ya magari. Na mikataba ya upangaji isitaje mimea ya vyunguni pamoja na vitu vilivyokatazwa kwenye paa na roshani, kama baadhi inavyofanya sasa. Ni maombi madogo, na gharama yake karibu haipo.

Nitapogoa Septemba, baridi ikishapungua na mvua ya vuli ikiwa inakuja, kwa sababu tini nyingi hutoka kwenye matawi mapya ya mwaka huo. Jirani yeyote wa Jericho, Jerusalem au Ofafa anayetaka kijiti aje na mkebe uliotobolewa chini. Akikosa udongo mwekundu, nitampa nusu ndoo.