Mbwa Aliyeachwa Salgaa, na Neno "Mungu Atamlisha"

Mafungu: Kumbukumbu la Torati 22:1-4, Kutoka 23:4-5, Mithali 12:10

Swali la wiki hii halikutoka madhabahuni. Liliulizwa katika ushirika wa nyumbani, na lilileta kelele kidogo. Mtu anahama. Ploti anayohamia, landilodi amekataa mbwa kabisa. Je, akimwacha mbwa wake hapa Salgaa, penye mahoteli na mifupa, ametenda dhambi? Wengine walicheka. Mmoja akasema mbwa si mtu, hana hukumu wala mbingu. Mwingine akauliza, kwa uchungu, mbona tunajadili mbwa na kuna watoto wanalala nje usiku huu huu. Swali la huyu wa mwisho ndilo lililonifanya nikae nalo, maana alisema kweli.

Kwanza tukubali jinsi mambo yalivyo. Hii njia yetu ndiyo inayobeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Congo. Matrela yanalala hapa, madereva na matanboi wanakula hapa, na penye bucha na nyama choma pana mifupa. Kwa hiyo mtu akiwa na mbwa asiyemtaka, au jike amezaa watoto saba shambani na wanaume wameshachukuliwa na majirani, wale majike waliobaki anawatia kwenye gunia na kuwaleta karibu na senta. Hamtupi mtoni, hamgongi na panga. Anamwacha penye chakula. Na anaporudi nyumbani moyo wake umetulia, kwa sababu amesema lile neno: "Mungu atamlisha."

Mimi nina shida na hilo neno kuliko na lile gunia.

Ni kweli Zaburi ya 147 inasema Mungu huwapa wanyama chakula, hata makinda ya kunguru. Lakini kumbuka Ibilisi alivyomwambia Yesu juu ya kinara cha hekalu katika Mathayo 4. Alimwambia ajitupe chini, malaika watamdaka, na akataja Zaburi kabisa. Yesu hakubisha kwamba malaika wapo. Alikataa kuumba hatari kwa mkono wake halafu kumwachia Mungu kazi ya kuiondoa, na akaiita kumjaribu Bwana. Sasa sisi tunamtupa mwingine, si sisi wenyewe, halafu tunawaagiza malaika wamdake. Na hata yale maombi tunayoyafanya hatuyafanyi kwa ajili ya mbwa. Tunaombea usingizi wetu.

Kwa mbwa mwenyewe mambo huwa hivi. Mbwa aliyekuwa na boma hajui kwamba ameachwa. Anangoja palepale alipoona mgongo wa mwenyewe mara ya mwisho. Mifupa ya senta ina wenyewe tayari, mbwa wazee wa hapo, na mgeni hapewi nafasi. Usiku anavuka barabara kwenda upande wenye harufu. Trela lililojaa likishuka kutoka Sachangwan haliwezi kukanyaga breki kwa ajili ya mbwa, wala hatutaki likanyage. Mwenye bodaboda naye akimgonga, wanaanguka wawili.

Sheria ya nchi yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtelekeza mnyama mahali atakapoteseka kuwa kosa. Lakini sisi ni watu wa Neno, kwa hiyo twende kwa Musa.

Kumbukumbu la Torati 22 inasema juu ya ng'ombe au kondoo wa ndugu yako aliyepotea. Ukimwona, usijifiche. Kama ndugu yako yuko mbali, au humjui mwenyewe ni nani, umpeleke nyumbani kwako, akae kwako mpaka mwenyewe amtafute, ndipo umrudishie. Ngoja hapo kwa "akae kwako." Mnyama si wako. Hukumnunua, hutamuuza, hutakula mapato yake. Lakini majani anakula yako, na usiku analala kwako. Siku hizi kuna watu wanaifanya kazi hii kwa mbwa: wanamchukua asiye na kwao, wanamkalisha nyumbani wiki kadhaa au miezi, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Watu wengine hapa husema hiyo ni tabia ya wazungu wa Karen. Kumbe iko katika Torati, na ilipewa watu waliokuwa bado wanalala kwenye hema.

Mtu makini ataniuliza: mchungaji, Torati inasema juu ya mali ya ndugu. Huyu wa senta hana mwenyewe, hakuna anayemtafuta. Jibu langu la kwanza ni Kutoka 23, ambapo punda aliyelemewa na mzigo ni wa mtu anayekuchukia, na bado umsaidie. Yaani wajibu hautegemei kama unampenda mwenye mnyama, na sioni kwa nini utegemee kama huyo mwenyewe amebaki au amekimbia. Jibu la pili ni Mithali 12:10, inayompima mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. La tatu ni Yona. Mungu alipoeleza kwa nini aliuhurumia Ninawi, alitaja watu wasiojua kulia na kushoto, halafu akaongeza wanyama wengi. Hakuwa na haja ya kuongeza.

Wala sitaficha kwamba Biblia haimsifu mbwa. Mahali pengi jina lake ni tusi, na Ufunuo 22 unawataja mbwa miongoni mwa walio nje ya mji. Ni mbwa wa mitaani wa siku zile, wala mizoga. Lakini yule mama Mkanaani wa Mathayo 15 alijua mbwa wengine, wanaokula makombo chini ya meza ya bwana wao. Walikuwa na bwana, na walikuwa na meza. Mbwa ni walewale, na kilichowatofautisha ni kuwa na nyumba au kuikosa.

Sasa watoto. Sitaki mtu yeyote atumie somo hili kumpita mtoto anayelala nje na kwenda kumkumbatia mbwa. Anayefanya hivyo amekosea mpangilio, na Yesu alisema wazi kwamba sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Lakini angalia alivyosema: hao shomoro hakuna hata mmoja anayesahauliwa. Mkubwa akitangulia, haina maana mdogo afutwe. Na niulize kwa upole: yule anayesema "kwanza watoto," amemchukua mtoto gani? Kuna watu wanaotumia shida kubwa kujikinga na shida ndogo, halafu hawafanyi lolote kati ya hizo mbili.

Tena hapa Salgaa mambo haya mawili hayako mbali. Mbwa asiye na mwenyewe hachanjwi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni kifo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Yule mtoto anayelala kwenye veranda ya duka analala na mbwa hao hao. (Na hili tulishike sote: ukiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Si kesho, na si baada ya maombi ya usiku. Omba ukiwa njiani.) Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vyake ifikapo 2030. Njia ya zamani, sumu na risasi, haijaumaliza. Unaua hawa, wengine wanaingia nafasi yao, hata wale waliokuwa wamechanjwa umewaua.

Basi ikiwa unampa mtu mbwa, hapo ndipo dhambi nyingine hujificha, na hii naiona mara nyingi zaidi ya ile ya gunia. Ni uongo. Mbwa ameua kuku wa jirani mara tatu, wewe unamwambia mtu wa Rongai kwamba ni mpole. Hajachanjwa, unasema "nafikiri alichanjwa." Jike ana mimba, unanyamaza. Kisiwa cha Pemba walihangaika miaka kuchanja mbwa mpaka kichaa kikaisha. Mwaka 2016 kikarudi, na wakaanza tena kazi ya kukimaliza. Bahari haikuzuia. Kwa hiyo chanjo kwanza, halafu gari. Chama kinachotunza wanyama hapa nchini, KSPCA, kikimpa mtu mbwa huwa kimemchanja na kumfunga uzazi kabla hajatoka, na sioni kwa nini watu wa Mungu wafanye pungufu ya hapo. Jike hubeba mimba kama miezi miwili tu. Ukimpa mtu jike asiyefungwa uzazi, umempa gunia la mwakani.

Sema ukweli wote, hata kama yule mtu ataghairi. Akighairi, mbwa abaki kwako.

Na hapo ndipo penye ugumu, hapo katikati. Kutupa ni rahisi na kumfuga wako ni rahisi, lakini kukaa na asiye wako, ukijua ataondoka, kunauma mara mbili. Mwanzoni anakula unga wako na kuchafua uwanja. Baadaye, akishakuzoea, akikusikia unafungua geti anaruka, ndipo anapata mtu. Wengine hukataa kumtunza kwa muda kwa sababu hiyo: "nitamzoea." Mama yake Musa alimnyonyesha mtoto wake mwenyewe kwa mshahara wa binti Farao, akijua siku yake inakuja, na ilipofika akampeleka. Maandiko hayasemi kama alilia. Sitamlinganisha mtoto na mbwa, nasema tu kwamba Mungu amewahi kuifanya kazi kubwa kwa mikono iliyoshika kitu kwa muda.

Turudi kwa ndugu anayehama. Simwiti mwenye dhambi kwa sababu landilodi amekataa mbwa. Watu wanafukuzwa, watu wanapoteza kazi, na baadhi yetu tunakumbuka mwanzo wa 2008 jinsi watu wa pande hizi walivyoondoka na nguo walizovaa. Hakuna aliyewauliza mbwa yuko wapi. Lakini anayehama mwisho wa mwezi ana majuma kadhaa. Aulize ushirika. Aulize soja wa ghala, mwenye kuku, shule yenye ua. Atembelee hilo boma aone kama kuna kivuli na maji, au ni mnyororo wa mita moja juani. Ikiwa majuma yameisha na hajapata, sisi wenye uwanja ndio wa kuulizwa, si yeye peke yake.

Kuna mbwa mmoja ambaye somo hili halimpi nyumba, nami sitajifanya linampa. Ni yule ameuma watu, umejaribu, na mtu mwaminifu hawezi kumpa jirani bila kumdanganya. Huyo aitiwe daktari wa mifugo, alazwe kwa dawa, na mwenyewe awepo, amshike kichwa. Nimeulizwa kama hiyo ni kuua. Ndiyo, ni kuua. Ila mwenyewe hakujificha, wala hakumwachia kazi hiyo dereva asiyemjua, usiku, kwenye mteremko.

Wenye nafasi ya kukaa na mbwa kwa muda waandike majina kwa mzee wa ushirika wao Jumapili hii baada ya ibada ya pili. Waseme pia kama wana watoto wadogo nyumbani, na kama wana kuku.