Deni, Hatia na Msalaba: Kihika na Mugo katika A Grain of Wheat

Neno 'ukombozi' hubeba mizigo miwili katika Kiswahili cha leo. Kinywani mwa mhubiri ni kazi aliyoitimiza Kristo msalabani. Kinywani mwa mwanasiasa ni kupigania uhuru. Lakini kitenzi 'komboa' kina maana nyingine ya kimsingi: kutoa malipo ili kukirejesha kitu kilichowekwa rehani, au kumtoa mtu utumwani. Kwa hivyo, hata kabla ya kumsoma mwanatheolojia yeyote, msemaji wa Kiswahili amekwisha kuuona msalaba kama deni lililolipwa.

Taswira hii ina nasaba ndefu. Katika Cur Deus Homo, kitabu alichokikamilisha mwaka 1098, Anselm wa Canterbury alidai kuwa dhambi ni kumnyima Mungu heshima anayostahiki, na kwa kuwa binadamu hana cha kulipa, ilibidi alipe yule aliye Mungu na mtu pamoja. Mnamo 1793 Immanuel Kant alitoa pingamizi ambalo, kwa maoni yangu, halijapata jibu la kutosha. Deni la fedha laweza kulipwa na mtu mwingine, na mdai hajali limetoka mfukoni mwa nani; hatia haihamishiki hivyo.

Pingamizi hilo linatahiniwa, kwa watu na matendo, katika A Grain of Wheat (1967) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, riwaya ambayo jina lake latokana na mfano wa punje ya ngano katika Agano Jipya. Kihika, mpiganaji wa msituni na msomaji wa Biblia, haridhiki na msalaba wa Yesu. Kwake, kifo kile hakikubadilisha kitu. Kenya yahitaji kafara ya wengi, kila mmoja akiwa tayari kufa kwa ajili ya mwenzake. Ananyongwa hadharani. Ni rahisi msomaji kukomea hapo: Kihika ndiye Kristo, Mugo aliyemsaliti ndiye Yuda, na mlinganisho umetimia. (Wanafunzi wetu huupenda sana mlinganisho huu katika mitihani.)

Hata hivyo, kifo cha Kihika hakimpunguzii Mugo hatia hata chembe. Kinyume chake, hatia inazidi kukomaa, maana wanakijiji wa Thabai wanamtukuza msaliti kama shujaa. Wakati huohuo Karanja, aliyekuwa homgadi kisha chifu, anashukiwa kwa usaliti ambao hakuutenda. Makosa anayo, tena mengi, lakini hili si lake. Siku ya Uhuru, 12 Desemba 1963, umati ukiwa umekusanyika, Mugo anasimama na kujitaja. Karanja anaokoka. Haokoki kwa kuwa mtu ameibeba hatia yake. Anaokoka kwa kuwa mtu ameidai hatia iliyo yake mwenyewe.

Ni nini kilichoufungua ulimi wa Mugo? Mumbi, dada wa marehemu, ndiye mwenye haki kuu ya kudai, naye hataki damu ya mtu yeyote imwagike kwa ajili ya kaka yake. Ni mbele yake, kabla ya mkutano ule, ambapo Mugo anakiri kwa mara ya kwanza. Mwandishi yu karibu zaidi na Peter Abelard, aliyeona kuwa msalaba huokoa kwa kuwasha upendo moyoni mwa mkosaji, kuliko alivyo karibu na Anselm. Kwamba Ngũgĩ alikuwa ameanza kujitenga na Kanisa hakulegezi hoja hii. Pengine kunaitia nguvu.

Muumini aweza kujibu kwamba deni ni sitiari tu. Tumkubalie. Lakini sitiari ina mikono. Baada ya Mugo kukiri, Jenerali R. na wenzake wanamchukua na kumhukumu kifo, kana kwamba ukweli uliosemwa si kitu mpaka damu ilipwe kwa damu. Deni limefungwa. Mbona basi Wambui, aliyekuwa hakimu, hana furaha? Tunamkuta nyumbani baada ya sherehe, akijiuliza kama ilifaa kumhukumu mtu yule, huku akiona taka zilizojikusanya sakafuni na moto ambao bado haujawashwa.