Mtu Aliyelala Ulingoni

Kinyozi wangu hapa Utemini, Singida, hunyoa huku jicho moja liko kwenye simu. Jumamosi iliyopita, wembe ukiwa usawa wa sikio langu, alisimamisha kazi ili anionyeshe Francis Ngannou akimwangusha Tyson Fury kule Riyadh, Oktoba 2023. "Mwalimu, huyu alikuwa bingwa wa UFC, ile ya ngumi, mateke na mieleka; ngumi za kulipwa ndiyo mara yake ya kwanza! Mpiganaji ni mpiganaji tu." Nikamkumbusha kwamba Fury aliinuka akashinda kwa pointi. Akacheka, akarudi kwenye kichwa changu.

Mpiganaji ni mpiganaji tu. Muhammad Ali naye aliamini hivyo.

Juni 26, 1976, akiwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, Ali alipanda ulingoni Tokyo kupambana na mwanamieleka Antonio Inoki. Kengele ikalia, Inoki akalala chali. Akabaki huko karibu raundi zote 15, akimtandika Ali mateke ya miguuni. Ali akamzunguka, akamzomea asimame. Wapi! Sheria za siku ile hazikumlazimisha kusimama. Viatu vya Inoki vilipoanza kumchana bingwa ngozi, kocha wa Ali, Angelo Dundee, alidai kamba za viatu hivyo zifungwe plasta. Inasemekana mkono uliomwangusha George Foreman kule Kinshasa ulirusha ngumi sita tu. Matokeo: sare. Ali akaishia hospitali, miguu imevimba, damu imeganda.

Namwelewa kuliko ninavyopenda. Nilipostaafu nilichukua sehemu ya kiinua mgongo nikaingia kwenye alizeti. Miaka yote nimeingia darasani watoto wakasimama, nikadhani na sokoni watasimama. Dalali aliniuzia magunia arobaini akiwa amekalia mojawapo. Hata kuniamkia hakuinuka. Nilichota punje za juu nikazikagua kama ninasahihisha madaftari: nene, nyeusi, safi. Kufika mashineni, katikati makapi matupu. Nilipomrudia alikuwa bado amekaa. "Mwalimu, si ulikagua mwenyewe?" Nikamsomea somo refu la uaminifu. Akalisikiliza lote, kwa adabu kabisa, huku anatafuna karanga.

Lakini Ali ninayemheshimu zaidi ni wa Dar es Salaam. Februari 1980 Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, kwa kuwa Warusi wameivamia Afghanistan. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye: mambo ya dola unamtumia mtu bondia? Waandishi wa habari nao wakamuuliza Ali: Afrika iliposusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikwenda kucheza raga kwa makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Ususiaji ule ulikuja wiki tatu tu baada ya pambano la Tokyo, na ulimnyima nafasi Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1500. Ali, mwenye mdomo usioishiwa maneno, safari hii hakuzunguka. Alikiri kwamba habari hiyo hakuambiwa alipotumwa, na kwamba huenda anatumiwa kufanya jambo lisilo sawa.

Tanzania ikaenda Moscow. Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, kila mmoja yake.

Kukiri kulimchukua Ali siku chache. Mimi, misimu miwili. Juni iliyopita nilimwendea dalali yule yule nikamwambia, "Bwana, biashara hii mimi siijui." Alinitazama kitambo, kisha akasogea, akapigapiga gunia alilokalia: keti. Akachomoa bambo, akalidunga ubavuni mwa gunia la jirani, akaliinamisha juu ya kiganja changu. Zikamiminika punje, na makapi si haba.