Ukali Katika Kumfunza Askari

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Amma baada. Wengi katika ndugu zetu wa pwani wana watoto walioitwa katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo yake ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Baadhi ya vijana hao hupelekwa Ufipa, nchi ya juu yenye baridi, iliko Milanzi na mji wa Sumbawanga, wakafunzwa katika kambi ya Milundikwa. Baba akisikia ya kwamba mwanawe huamshwa kabla ya jua, akakimbizwa na kulimishwa, husema: “Hivyo ndivyo afanywavyo mwanamume.” Na mama husema: “Huu ni udhalimu.” Je! Ni yupi asemaye kweli?

Hapana shaka ya kwamba taabu ina faida. Askari asiyezoea njaa, usingizi mchache na kufuata amri upesi, siku ya vita hujiangamiza yeye na wenziwe. Mtume (s.a.w.) aliwachimbisha Masahaba handaki la Madina hali wana njaa, lakini yeye mwenyewe alichukua udongo pamoja nao, na njaa yao ilikuwa njaa yake.

Ama kudhalilisha ni jambo jingine. Wadachi, waliokuwa na boma lao Kasanga huko huko Ufipa, walitawala kwa kiboko, na watu wakakiita hamsa ishirini. Kiboko huzaa utiifu wa macho: bwana akiwapo mkono hufanya kazi, akigeuka, mkono hulala. Tena tazameni askari wa Tanganyika Rifles. Walijua kwata barabara, walivyofunzwa na Waingereza. Hata hivyo tarehe 20 Januari 1964 waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mshahara na maafisa Waafrika. Kwata peke yake haimfungi mtu aonaye kuwa hapewi haki yake.

Na liko la kuogopwa zaidi. Yasimuliwa katika Hadithi ya kwamba amiri mmoja alikasirika, akawaamrisha askari wake wawashe moto kisha wauingie. Wakakataa. Mtume alipopata habari alisema ya kwamba lau wangaliuingia wasingalitoka, na ya kuwa utiifu ni katika mambo mema tu. Basi kuruta aliyevunjwa hata akili yake, huyo atauingia moto, au atawatia wengine.

Kwa hiyo ukali ulio wa haki una alama tatu: una mpaka ujulikanao, una funzo ndani yake, na mwenye kuamrisha hushiriki taabu yake. Ukikosa haya, ni hasira iliyovaa sare.

Enyi wazazi, mtoto akirudi msimwulize alipigwa mara ngapi. Tazameni: je, huamka alfajiri bila ya kuamshwa? Je, huweza kusema “la” akiamrishwa ovu? Akiwa hivyo, amefunzwa.

Wa billahi t-tawfiq.