ULIMI WA MWALIMU UGENINI

Somo: Yakobo 3:1–12



Padre wetu ameniomba niandike neno la kuwaaga vijana wawili wa mtaa huu, binti na mvulana, ambao Mungu akipenda watasafiri baada ya Pasaka kwenda Thailand kufundisha Kiingereza. Nadhani ameniomba mimi kwa sababu nilishika chaki miaka 35, na sasa ninakula pensheni, kwa hiyo sina udhuru. Lakini neno hili si la hao wawili tu. Ni letu sote, maana siku hizi karibu kila nyumba ina mtoto aliye mbali au anayekusudia kwenda mbali.

Tusome tena sura ya tatu ya Waraka wa Yakobo. Mtume anaanza kwa kutuonya tusikimbilie wengi kuwa waalimu, kwa kuwa mwalimu atahukumiwa kwa uzito zaidi. Kisha, bila kupumzika, anaanza kusema habari za ulimi: lijamu katika kinywa cha farasi, usukani mdogo wa merikebu kubwa, cheche inayounguza msitu. Kwa nini amtaje mwalimu kwanza, halafu ulimi? Kwa sababu ulimi ndio jembe la mwalimu. Seremala akikosea kukata, atatafuta ubao mwingine. Mwalimu akikosea kusema, neno limekwisha kuingia ndani ya mtoto, na huenda likakaa humo miaka 50. Basi mwalimu wa lugha yuko katika hatari kubwa kuliko waalimu wengine, na mwalimu wa lugha aliye ugenini zaidi sana. Anasema na watu ambao hajawajua bado, tena jioni anasema habari zao kwa jamaa zake walio nyumbani. Ninyi wawili, yashikeni maneno haya manne.

La kwanza: Sikio litangulie ulimi.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Edward Steere walifika Unguja. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani aliwakabidhi kwa misheni. Steere angeweza kungoja hata wavulana wale wajue Kiingereza, ndipo aanze kazi yake. Hakufanya hivyo. Aliketi akasikiliza, akauliza, akaandika, na mwaka 1870 kikatoka kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili cha Unguja. Baadaye, mwaka 1874, alifanywa Askofu. Mmoja wa wale wavulana watano, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Ndivyo kazi ilivyozaa: yule aliyekuja kufundisha alikubali kwanza kufundishwa.

Nami nilimwona mtu wa namna hiyo. Nilipokuwa sekondari, katika miaka ya sabini, tulifundishwa Kiingereza na kijana Mwingereza wa kujitolea, ambaye hata ndevu zake zilikuwa bado hazijakamilika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alilishika kweli, maana zamu ya shamba la shule ilipofika alikwenda nasi, akarudi na malengelenge. Asubuhi moja mbele ya darasa alitaka kutueleza kwamba hakupata usingizi kwa ajili ya mbu. Akasema, “Usiku sikulala, mbuzi waliniuma.” Darasa zima likaangua kicheko, naye alipoelezwa akacheka kutushinda. Tangu siku ile hakuna mwanafunzi aliyeogopa kufungua kinywa katika kipindi cha Kiingereza. Tulikuwa tumemwona mwalimu wetu akijikwaa katika lugha yetu na kuinuka, tukajua kwamba kujikwaa si aibu.

Basi ninyi jifunzeni Kithai. Si rahisi. Lugha ile ina sauti tano za kupanda na kushuka, na neno moja hubadilika maana yake kwa kubadilika sauti. Mtachekwa, nanyi chekeni pamoja nao. Jifunzeni pia adabu zao. Wao husalimu kwa kuunganisha viganja na kuinama kidogo. Na hapa angalieni sana: sisi humpapasa mtoto kichwani kwa upendo, lakini kwao kichwa ni mahali pa heshima kuu, wala haifai kukigusa. Nia njema haitoshi, kama mkono haukufundishwa.

La pili: Kinywa kimoja kisitoe baraka na laana.

Mtume anashangaa jinsi chemchemi moja inavyoweza kutoa maji matamu na machungu. Mwaka 1961 Marekani ilianza kutuma vijana wake wa kujitolea kwa jina la Peace Corps, na wengi wao walikuwa waalimu. Kundi la kwanza liliposhuka katika ndege mjini Accra, Ghana, tarehe 30 Agosti mwaka huo, lilisimama likaimba wimbo wa Waghana kwa lugha ya Kitwi. Matamshi yao hayakuwa safi, lakini wenyeji walifurahi, maana wageni hao walikuwa wamejitaabisha kabla hawajafika.

Haikupita hata miezi miwili. Katika Oktoba mwaka uo huo, huko Ibadan, Nigeria, binti mmoja wa shirika hilo hilo, mwenye umri wa miaka 23, aliandika kadi ya posta kwa rafiki yake wa Marekani. Alieleza jinsi alivyostaajabu kwa hali duni ya maisha, na jinsi watu walivyopika na kuuza na kufanya mambo yao yote barabarani. Kadi ikaanguka kabla haijafika posta. Mwanafunzi akaiokota, nakala zikatawanywa katika Chuo Kikuu, na wanafunzi wakafanya maandamano. Nigeria ilikuwa imepata uhuru wake mwaka mmoja tu uliopita, na jeraha la kudharauliwa lilikuwa bado bichi. Binti yule aliomba radhi, akarudi kwao.

Simsemi kwa ubaya. Alikuwa kijana, amechoka, amestaajabu, naye hakuwaandikia Wanigeria. Alimwandikia rafiki yake. Lakini hapo ndipo lilipo fundisho. Maneno tunayosema juu ya watu wakati hawapo ndiyo yanayoonyesha tulivyo mbele yao. Na siku hizi kadi ya posta imo mfukoni mwa kila mtu. Ukimpiga picha mtoto wa darasa lako ukaituma kwa simu pamoja na neno la mzaha, kabla hujalala imekwisha kuzunguka dunia. Kabla ya kutuma, jiulizeni: mama yake mtoto huyu akisoma niliyoandika, nitaweza kumtazama usoni kesho? Jibu likiwa hapana, futeni.

La tatu: Msione aibu kwa mlikotoka.

Watakuwapo watakaowaambia kwamba Kiingereza si chenu. Ziko nchi zinazosema hivyo waziwazi. Korea ya Kusini kwa miaka mingi imekuwa ikitoa kibali cha kufundisha Kiingereza hasa kwa raia wa nchi 7, na katika Afrika nzima ni Afrika Kusini pekee iliyomo. Mahali pengine mtadaiwa cheti cha mtihani ambacho mwenzenu kutoka London hadaiwi. Jambo hili linauma. Najua, maana nanyi mmekwisha kulionja wakati wa kuandika barua za kuomba kazi.

Sikilizeni kisa cha mwalimu mmoja aliyewatangulia huko huko. Mwaka 1862 Mfalme Mongkut wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, alimwajiri Anna Leonowens awafundishe Kiingereza watoto wake mjini Bangkok, naye alifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1867. Baadaye aliandika vitabu vilivyompatia sifa nyingi Ulaya na Marekani, na kwa vitabu hivyo zikatengenezwa hadithi na filamu. Lakini Wathai wengi wameona kwamba mfalme wao amedhalilishwa. Tena Bi Anna alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa Wales. Wachunguzi waligundua baadaye kwamba alizaliwa India. Mwalimu yule mashuhuri wa Kiingereza alibeba siri ya kwao kama mzigo, kwa kuogopa kwamba watu wa siku zile wasingemheshimu.

Ninyi msiubebe mzigo huo. Semeni wazi mnatoka wapi. Aliyepanda mlima kwa miguu anajua penye utelezi kuliko aliyezaliwa kileleni. Kithai, kama Kiswahili, hakina vile vineno vidogo ambavyo Waingereza huvitanguliza mbele ya majina. Mzaliwa wa Uingereza huvitumia bila kufikiri, wala mara nyingi hajui jinsi ya kuvieleza. Ninyi mlivisomea kwa jasho, na mtajua mtoto amekwama wapi kabla hajasema.

Na kwa kuwa mnajua uchungu wake, msiupeleke kwa wengine. Wengi wetu tunakijua kile kibao alichovishwa shingoni mtoto aliyeteleza shuleni akasema lugha ya kwao. Kibao hicho kisiingie darasani mwenu. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwalazimisha watu wote kushika lugha moja. Kila mtu alisikia habari njema kwa lugha ya nyumbani kwake. Kiingereza mtakachofundisha kiwe mlango wa pili katika nyumba ya mtoto. Msiuzibe ule wa kwanza.

Tena, darasa si mimbari. Mfalme Mongkut alimwandikia Bi Anna kwamba alitaka watoto wafundishwe Kiingereza, si kuongolewa dini. Wathai walio wengi ni wafuasi wa Budha, na wazazi watawakabidhi watoto wao kwa kazi mliyoajiriwa. Itimizeni kwa uaminifu. Mtu akiuliza tumaini lenu linatoka wapi, hapo mtajibu kwa upole. Na mjini Bangkok lipo kanisa la Kianglikana, Christ Church; mkiweza, msikae muda mrefu bila kuifikia meza ya Bwana.

La nne: Jihadharini na ulimi wa mdanganyifu.

Hapa nasema na wazazi pia. Tangu mwaka 2022 tumesikia habari za vijana wa Afrika Mashariki walioahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha wakavushwa mpaka na kuingizwa Myanmar. Huko walifungiwa katika majengo yenye ulinzi, wakalazimishwa kuwatapeli watu kwa simu na kompyuta. Mapema mwaka 2025 watu maelfu wa mataifa mengi walitolewa katika majengo hayo, Wakenya na Waethiopia wakiwa miongoni mwao. Hao hawakuwa wajinga. Waliamini ulimi mtamu.

Kwa hiyo msiruke hatua hata moja. Hakikisheni kwamba shule ipo, na kwamba mmesema na mkuu wake, si wakala peke yake. Visa iwe ya kazi, isiwe ya utalii, na kibali cha kazi kifuatie. Pasi ya kusafiria ikae kwenu wenyewe. Anayeitaka ili “akuhifadhie” ana jambo. Acheni nakala za mkataba na tiketi kwa wazazi na kwa Padre. Na mtu akiwaambia njiani kwamba mahali pa kazi pamebadilika, msipande gari lake. Kumtegemea Mungu hakuondoi wajibu wa kuuliza maswali.

Sasa neno kwetu tunaobaki.

Ndugu zangu, nasi tuna ndimi. Vijana hawa wakiwa mbali, tutasema nini? Tukiwaandikia kila mara kuomba fedha tu, tutawafundisha kuiogopa sauti ya nyumbani. Kijana anayejua kwamba nyumbani wanangoja fedha peke yake hataweza kusema, “Mama, mambo huku yameharibika, nataka kurudi.” Atanyamaza, naye katika kunyamaza anaweza kupotea. Wazazi, waambieni kabla hawajaondoka kwamba mlango utakuwa wazi hata wakirudi mikono mitupu. Neno hilo moja linaweza kumwokoa mtu.

Tena tuwakumbuke wageni walio kwetu. Waisraeli waliagizwa wasimwonee mgeni, kwa sababu wao wenyewe waliuonja ugeni Misri. Sisi nasi leo tunao watoto wetu ugenini. Kijana mgeni anayefundisha katika shule ya jirani, anayejikwaa katika salamu zetu na kununua nyanya kwa bei mara mbili, ana mama mahali fulani anayemwombea. Tumtendee kama tunavyotaka wetu watendewe Thailand. Tumsahihishe bila kumdhihaki, tumkaribishe mezani, na nyanya tumuuzie kwa bei yetu.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari yao, Padre atawaita mbele baada ya Ekaristi ili tuwaombee. Kila mmoja afike, hata yule ambaye hajawahi kusema nao. Na tangu leo tuombe nyumbani hivi:

Ee Bwana, uliyemfanyia mwanadamu kinywa, wabariki watumishi wako hawa wanaokwenda kufundisha mbali. Uyafungue masikio yao kabla ya vinywa vyao. Uwape uvumilivu kwa watoto wa wengine, na ujasiri wa kusema kweli juu ya nafsi zao. Uwaepushe na watu wa hila. Nasi tuliobaki utulinde ndimi zetu, ili maneno yetu yawafikie kama maji, yasiwafikie kama moto. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu mstaafu wa mtaa