Ushindi wa Jana Huziba Masikio

Ukiishika barabara ya kusini kutoka kwetu Makole, Dodoma, ukapita Mtera na kufika Iringa, Lugalo haiko mbali. Wengi tunalijua jina hilo kwa kambi ya jeshi ya Dar es Salaam. Lakini yaliyotokea Lugalo ya Uhehe, nchi ya Wahehe, tarehe 17 Agosti 1891 yanamfunza kila anayeongoza watu: mzazi, dereva wa basi, mwenyekiti wa mtaa, hata mimi ninayeandika.

Siku hiyo kamanda wa jeshi la Wajerumani alikuwa Emil von Zelewski, na watu walimpa jina la Nyundo. Mwaka 1888, akiwa Pangani kama mtumishi wa kampuni ya Kijerumani, ubabe wake kuhusu bendera ya Sultani wa Zanzibar ulichochea vita vya Abushiri, uasi wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, nayo haikuzingatiwa. Vita vilipozimwa kwa mizinga, Nyundo akazidi kupanda cheo. Ni rahisi mtu kuamini kwamba palipo na mzinga, busara haihitajiki.

Mwaka 1891 akaingia Uhehe akichoma vijiji njiani. Wajumbe wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, wakapigwa risasi badala ya kusikilizwa. Hiyo ni dalili ya pili: ukiwaua wanaokuja kuzungumza, utapata wapi habari za mbele? Kufika Lugalo, njia ikawa nyembamba, kati ya vichaka na miamba. Msafara ukajinyoosha mstari mrefu bila wapelelezi wa kutosha mbele, na inasimuliwa kwamba bunduki nyingi hazikuwa na risasi ndani. Kamanda mwenyewe alikuwa juu ya punda.

Wahehe walijificha pembeni. Walipoinuka na mikuki, mapigano makali yalikwisha kwa dakika chache tu. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine tisa na askari zaidi ya 200. Wengi wa askari hao walikuwa Waafrika walioajiriwa kutoka mbali, wakalipia kwa roho zao kiburi cha mtu mmoja. Wahehe nao walizika mashujaa wengi, kwani kuikimbilia bunduki ukiwa na mkuki si jambo dogo.

Tusiishie kumcheka Nyundo. Mkwawa aliteka bunduki na mizinga, akategemea ukuta wa mawe wa ngome yake ya Kalenga. Kichaka kilichompa ushindi akakiacha, akamngoja adui ndani ya boma. Adui naye alikuwa amejifunza. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliishambulia Kalenga kwa mizinga na kuitwaa. Mkwawa alirudi porini, akapigana karibu miaka minne bila kusalimu amri, hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe.

Nyundo na Mkwawa wote wawili walikuwa jasiri. Ujasiri haukuwapungukia, kilichopungua ni kujiuliza kama njia ya jana bado inafaa leo. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Basi, unapofanikiwa, ongeza kuuliza. Mpe nafasi anayekuletea habari usiyoipenda, na usimwadhibu kwa kuileta. Kagua njia kabla ya kuwaingiza wenzako, kwa sababu kiongozi akikosea, wa kwanza kuumia mara nyingi ni wale wasioulizwa.